Kidato cha tatu wanapata alama zote za dira darasani, nje wanaishia kwenye migomba. Shida iko wapi?

#1 Mwalimu wa Zamu
Wakuu habari za jioni. Nafundisha Jiografia sekondari, shule iko miteremko ya kusini ya Mlima Meru. Kidato cha tatu tumemaliza usomaji wa ramani na upimaji. Kwenye karatasi hawana shida: wape ramani ya 1:50,000 na protrakta, digrii zinatoka bila kutetereka.

Nikaona niwatoe nje, tucheze ule mchezo wa kusaka vituo kwa ramani na dira (orienteering). Vituo nimefunga vipande vya salfeti vilivyopakwa rangi nyekundu, kila kimoja kina herufi. Kundi likikusanya herufi zote linapata neno. Vituo viwili vya kwanza safi. Cha tatu ndicho kilichonishinda: kuanzia mlingoti wa bendera, digrii 70, mita 300, salfeti iko kwenye mgrivea. Makundi sita. Matano yametokea upande wa kulia, kama mita 50 chini kutoka mtini, katikati ya migomba ya jirani. Lingekosea kundi moja huku na lingine kule ningesema uzembe. Sasa matano, upande mmoja?

Wenye uzoefu wa skauti, upimaji au jeshi naomba mnisaidie. Jumamosi ijayo nataka kurudia.

#2 Ndizi Mshale
Natia kambi hapa. Ila mwalimu, ulikagua kama ndizi zilikuwa zimeiva? Hiyo nayo ni nguvu ya uvutano.

#3 Kipimo Sahihi
Jibu ni rahisi mkuu. Umesahau kwamba kaskazini ya kweli na kaskazini ya sumaku ni vitu viwili. Watoto wametoa digrii kwenye ramani, dira inasoma sumaku, tofauti yake ndiyo hizo mita 50. Wafundishe kujumlisha na kutoa, uzi ufungwe.

#4 Mpimaji 37S
#3 hapana, usiufunge. Arusha tofauti hiyo haifiki hata digrii 2. Ungekuwa Cape Town, ambako sindano inakaa karibu digrii 25 magharibi mwa kaskazini ya kweli, ningekubaliana nawe.

Fanya hesabu: digrii 1 ukiwa mita 60 inakutoa kama mita 1. Mita 50 kwenye 300 ni digrii 9 hadi 10. Hilo ni kosa kubwa na lina mwelekeo, si mkono kutetemeka.

Mleta mada, hizo digrii 70 ulizipata vipi? Kwenye ramani, kwenye simu au kwa dira?

#5 Mwalimu wa Zamu
Nimepima mwenyewe kwa dira ya prizma ya shule, nimesimama pale pale mlingotini. Ramani ni zile za 1:50,000 za mfululizo wa Y742, ila kwa kituo hiki hatukuitumia.

#6 Mpimaji 37S
Afadhali. Ungechukua namba za GPS ya simu ukazipanga kwenye Y742 tungekuwa na ugomvi mwingine. Ramani zile zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuhesabia mahali, simu inatumia mfumo mwingine, WGS84, na kwa Tanzania nukta inahama kama mita 300 kusini-kaskazini. Nimeshuhudia watu wakigombania mpaka wa shamba kwa sababu hiyo tu. Ila hapa siyo, mita 50 ni ndogo mno.

#7 Binti Usambara
Mwalimu pole na kazi. Swali moja kabla watu hawajaenda mbali: kati ya mlingoti na mgrivea kuna nini? Ardhi imelala vipi?

#8 Mwalimu wa Zamu
Dada, unatoka uwanjani, unavuka mfereji, unaingia kwenye kahawa iliyochanganywa na migomba, halafu uwazi. Mlima uko kushoto, mteremko unashuka kulia.

#9 Binti Usambara
Basi mimi nimeshamaliza. Mtu akitembea kwa kukata mteremko, kila hatua inamshusha kidogo bila yeye kujua. Sisi wa milimani tunalijua hili tangu utoto, ukikata kilima gizani unatokea nyumba ya chini. Ongeza na kukwepa: ukifika kwenye mgomba unaupitia upande upi? Ule rahisi, wa chini. Migomba ishirini, yote upande wa chini, hakuna anayerudisha hatua alizopoteza. Watoto wako dira wanaijua. Kukwepa ndiko hawajafundishwa.

Dawa yake: kizuizi cha kwanza pitia kulia, cha pili kushoto. Na kikiwa kikubwa kama nyumba, geuka digrii 90, hesabu hatua, nyoosha, halafu rudisha hatua zile zile upande wa pili.

#10 Fundi Chuma
Mnazunguka sana. Mlingoti wa bendera wa shule ni bomba la chuma lililochimbiwa kwenye zege lenye nondo. Wote wamepima wamesimama hapo. Mnataka nini tena?

#11 Kipimo Sahihi
Na kama kuna nguzo za umeme mkubwa karibu, ongeza hiyo. Umeme una sumaku.

#12 Fizikia Mstaafu
#11, umeme wa gridi yetu ni wa mkondo geu, unageuka mara 100 kwa sekunde. Sindano ya dira haina mbio hizo, inabaki pale pale. Mnara wenyewe ni chuma, kwa hiyo ukiuegemea utakudanganya, lakini si kwa sababu ya umeme.

#10 ana hoja, ila ana tundu. Mwalimu naye alipima pale pale. Kama bomba lilivuta sindano ya wanafunzi, lilivuta na ya kwake, na makosa hayo yanafutana. Isipokuwa kama yeye alisimama upande mmoja wa mlingoti na wao upande mwingine. Chuma kikiwa mashariki yako na kikiwa magharibi yako hakikosei upande mmoja.

Jaribio lake ni la dakika tano. Shika dira usawa wa kifua, chagua kitu cha mbali sana kama kilele, kipime ukiwa umegusa mlingoti. Rudi hatua moja, pima tena. Rudi nyingine. Digrii zikitulia, hapo ndipo chuma kimekuachia. Wape watoto wachore grafu, umbali chini, digrii pembeni. Hiyo ni somo la Fizikia na Jiografia kwa mpigo.

#13 Mwalimu wa Zamu
Mzee shikamoo. Nilisimama upande wa ofisi. Wao walijipanga upande wa uwanja.

#14 Fundi Chuma
Nimesema.

#15 Ndizi Mshale
Fundi amesema, jamani. Na simu ya mwalimu ilikuwa wapi alipokuwa anainama kukagua dira ya kila kundi? Simu ina spika, spika ina sumaku.

#16 Mwalimu wa Zamu
Mfukoni, ila nilikaa pembeni hatua mbili.

#17 Ndizi Mshale
Hatua mbili za mwalimu wa zamu mwenye fimbo au za mwalimu wa kawaida?

#18 Jiwe Jeusi
Nyote mnasahau mmesimama juu ya nini. Mlima Meru ni volkano. Mawe yake yana magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, na mwamba wa lava uliopigwa na radi unaweza kupindua sindano vibaya ukiisogeza. Nimesoma jiolojia. Kwenye miamba ya namna hiyo tulikatazwa kuweka dira juu ya jiwe. Na ukifika Liganga kule Ludewa, kwenye mwamba wa chuma wenyewe, dira ni pambo tu.

Kwa hiyo inawezekana mlingoti hauna kosa, mteremko hauna kosa, ardhi yenyewe ndiyo inavuta.

#19 Mpimaji 37S
Inawezekana, na ina kipimo chake. Pima kwenda na kupima kurudi. Mlingoti kwenda mgrivea umepata 70, basi nenda mgrivea upime mlingoti, lazima upate 250. Ukipata 241, ncha moja kati ya hizo mbili ina kitu kinachovuta. Ipi kati yao, hapo unahitaji nukta ya tatu. Sisi kwenye upimaji wa dira hatuandiki namba bila kurudisha.

#20 Mdau wa Nyeri
Salamu kutoka Kenya. Nilipitia ile Tuzo ya Rais nikiwa shule ya upili, safari za siku kadhaa na ramani na dira. Mwalimu wetu alitufokea kwa jambo moja: kutembea macho yakiwa kwenye dira. Ukifanya hivyo unatembea kama umebeba uji wa moto, na mwili unahama wote kando huku sindano bado iko sawa. Sindano haijui kama umehama mita 20 kulia, inaendelea kukuonyesha 70 ile ile.

Unachofanya: pima, inua macho, chagua kitu kwenye mstari, mti, jiwe, paa. Weka dira mfukoni. Tembea hadi pale. Pima tena. Basi.

Halafu kuna jambo la dira zenyewe. Zilinunuliwa wapi?

#21 Mwalimu wa Zamu
Karibu sana. Za wanafunzi ni za plastiki, bamba jembamba lenye pete ya kuzunguka. Ni msaada, zilikuja kwenye boksi kutoka Ulaya.

#22 Mdau wa Nyeri
Hapo sasa. Ukiishika sawasawa, sindano inalala au upande mmoja umezama?

#23 Mwalimu wa Zamu
Mkia wa kusini unazama kidogo, kweli. Nyingine mpaka uinamishe ndiyo izunguke.

#24 Mdau wa Nyeri
Basi hizo zimesawazishwa kwa ajili ya kaskazini ya dunia. Kule uga wa sumaku unavuta ncha ya kaskazini chini, kwa hiyo kiwanda kinaongeza uzito kidogo upande wa kusini. Zikija kwetu, sumaku inavuta ncha ya kusini chini, na uzito uko huko huko. Sindano inakwaruza sakafu. Viwanda vinatengeneza za kanda mbalimbali, ila wanaotoa msaada hawaangalii hilo.

#25 Fizikia Mstaafu
Maelezo ya #24 ni sahihi, nayapokea. Lakini sindano inayokwaruza inakwama popote, haichagui kulia. Kundi moja ingelitupa huku, jingine kule. Haielezi matano upande mmoja.

#26 Mdau wa Nyeri
Inaeleza kama wote walikuwa wanageukia 70 kutoka upande mmoja, mzee. Sindano ikibaki nyuma, inabaki nyuma upande ule ule.

#27 Fizikia Mstaafu
Hilo nalo nitalifikiria.

#28 Mama Twiga
Mimi ni wa shule ya msingi, naomba nipite katikati ya wataalamu. Mwalimu mwenzangu, mita 300 kwenye kahawa ni ndefu kwa kuanzia. Wangu naanza nao uwanjani. Kila mtoto anaweka kizibo cha soda mguuni pake. Anatembea hatua 20 kwa digrii 40, anageukia 160, hatua 20, anageukia 280, hatua 20. Kama amefanya sawa, kizibo kiko miguuni. Ukiongeza 120 kila kona pembetatu inajifunga yenyewe, kwa hiyo namba ya kuanzia kila mtoto naye na yake, hakuna kuigana. Uwanja mzima unajaa watoto wanaokatizana, kelele tupu, lakini anayekosea anajiona mwenyewe bila mimi kumwambia.

Hapo ndipo nakamata wale wanaofuata ncha nyeupe badala ya nyekundu. Huyo anaondoka mgongo kwa mgongo na wenzake. Namuacha aende.

Hatua nazo wapimie. Kamba ya mita 100, wahesabu mguu wa kulia tu. Mtu mzima anapata 60 hadi 65, mtoto zaidi, na kwenye mteremko zaidi tena.

#29 Mwalimu wa Zamu
Mama asante, hii ya kizibo naichukua kama ilivyo. Na hao wa ncha nyeupe ninao: kundi la pili lilianza kwa kwenda jikoni kabla ya kugeuka.

#30 Ndizi Mshale
Hao hawakukosea, waliwahi zamu ya makande.

Sasa niseme la maana kidogo. Makundi yaliondoka kwa kupishana muda gani? Maana mimi nilikuwa mwanafunzi. Kundi la kwanza likipita, majani yamekanyagwa, mfereji una alama za viatu, la pili linafuata. Hakuna anayeangalia dira. Umepima kosa moja mara tano.

#31 Kipimo Sahihi
Kwa mara ya kwanza tangu nijiunge humu, Ndizi Mshale ana hoja.

#32 Mwalimu wa Zamu
Dakika tano tano. Kuonana siyo rahisi ndani ya kahawa, ila nyayo sikatai.

Mnisaidie na hili la kundi la sita, lililofika mtini moja kwa moja. Nimewauliza, wanasema walitafuta kitu cha mbali na kukifuata, kama alivyosema mdau wa Nyeri. Lakini mmoja wao kwao ni hapo jirani.

#33 Fundi Chuma
Ha! Mtoto wa jirani anajua mgrivea uko wapi tangu anachunga mbuzi.

#34 Binti Usambara
Au anajua jinsi ya kukata kilima. Msimdhulumu mtoto.

#35 Maktaba ya Kijiji
Kwa wanaotaka kujua asili: mashindano ya kwanza ya wazi ya mchezo huu yalifanyika Norwei mwaka 1897. Uswidi ndiyo iliyoukuza kwa vijana baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kupitia kwa Ernst Killander, ambaye wengi humwita baba wa mchezo. Shirikisho la kimataifa liliundwa 1961. Bendera rasmi ya kituo ni rangi ya chungwa na nyeupe, sentimita 30 kwa 30.

#36 Ndizi Mshale
Tumeuliza migomba ya Meru tumeletewa theluji ya Norwei. Asante lakini, mkuu. Salfeti ya mwalimu sasa ina kipimo cha kimataifa.

#37 Mwana wa Pwani
Assalaam alaykum. Naona mnaihangaisha dira kana kwamba bila yake mtu hajui aendako. Huku Unguja mtoto wa skuli akitaka kaskazini namwambia atazame msikiti. Mihrabu inaelekea kibla, na kibla kwetu ni kaskazini khasa. Kipimo cha kuhakiki dira mnacho kila mtaa, bure.

Na chomboni dira hukaa kwenye sanduku la mbao, mbali na injini. Baharia akija na panga kiunoni hufukuzwa pale.

#38 Mwanga wa Kigoma
Waalaykum salaam. Sheikh hiyo ni kwa Unguja na Dar, huko kibla kinapishana na kaskazini kwa kama digrii 1 tu kwa kuwa mko karibu mstari mmoja na Makka. Huku Kigoma ni kama digrii 20 mashariki mwa kaskazini. Mwanza kama 15. Wa bara wakikusikiliza, watapotea kuliko hao wa kahawa.

#39 Mwana wa Pwani
Haya, nimekusikia. Unguja nabaki nayo.

#40 Kipimo Sahihi
Njia ya uhakika ni kivuli. Saa sita mchana simamisha fimbo, kivuli kinaonyesha kusini. Hakuna chuma, hakuna lava.

#41 Mwanga wa Kigoma
#40 ndugu yangu leo si siku yako. Juni ndiyo kinaangukia kusini, kwa sababu jua liko kaskazini yetu. Desemba kinaangukia kaskazini. Na pale Arusha katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua liko utosini, kivuli kinajikunja chini ya fimbo, utapima nini? Tena hiyo saa sita si ya saa ya mkononi. Kigoma jua linafika juu kabisa karibu saa saba.

Weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, subiri robo saa, weka nyingine. Mstari kati ya kokoto ni magharibi kwenda mashariki, ya kwanza ndiyo magharibi. Si kamili, ila inatosha kumtambua aliyeshika dira kinyume.

#42 Jiwe Jeusi
Hiyo ya kokoto wafanye juu ya huo mwamba unaoshukiwa, halafu walinganishe na dira. Nitashinda kesi yangu.

#43 Mkufunzi wa Skauti
Nimesoma yote. Kabla ya Jumamosi, mwalimu, mambo ambayo hakuna aliyeyagusa. Mwenye shamba amekubali? Watoto thelathini kwenye kahawa iliyochanua, mwenye mali akitoka na panga hapo dira haisaidii. Kila kundi filimbi moja, na mkubaliane milio ya dharura. Muda wa kurudi uwe wa lazima, aliyepata vituo viwili na aliyepata vyote wote wawe mlingotini saa hiyo. Viatu vya kufunika mguu, nyoka wapo kwenye migomba. Na wape mpaka wa kukamata: "ukifika barabara ya vumbi umepitiliza, fuata barabara ushuke."

Vituo vya mwanzo viweke mahali pasipoonekana mlingoti, la sivyo wanaangalia bendera, si dira.

#44 Mwalimu wa Zamu
Mwenye shamba ni mzazi, amekubali. Filimbi sikuwa nazo kwenye orodha, nazitafuta. Nitaanzia uwanjani na vizibo, halafu kila kundi lianze mahali pake mbali na mlingoti, na tupime kurudi. Ila dira nzima ninazo tano tu zisizokwaruza.

#45 Mama Twiga
Watengeneze. Sindano ya kushonea, isugue kwenye sumaku upande mmoja tu, usirudishe, mara thelathini hivi. Ichomeke kwenye kipande chembamba cha kizibo laini cha chupa, siyo cha bati, ielee kwenye maji. Bakuli liwe la plastiki. Asubuhi wahakikishe kwa jua ncha ipi imekuwa kaskazini, inategemea ulisugua vipi.

#46 Binti Usambara
Na upepo ukivuma? Bakuli la maji kwenye mteremko?

#47 Mama Twiga
Hiyo ni ya kukaa nayo uwanjani mama, huwezi kuingia nayo kwenye kahawa.

#48 Mwalimu wa Zamu
Sumaku napata wapi kwa bei ya kijijini?

#49 Fundi Chuma
Nenda kwa fundi redio, muombe spika mbovu. Akikudai zaidi ya soda moja ondoka.

#50 Ndizi Mshale
Soda baridi au ya moto? Na kizibo ukirudi nacho, Mama Twiga anakihitaji.